Wasichana wa Shule, Usingizi na Siku za Kabla ya Hedhi

Kabla ya kuingia katika somo letu yafaa tukumbuke jambo moja la mji huu. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipokaa hapa Lushoto waliuita mji Wilhelmstal, wakaufanya mahali pa kupumzikia. Joto la pwani liliwachosha, na usiku hawakulala vizuri kwa jasho na mbu. Basi walipanda gari la moshi kutoka Tanga mpaka Mombo, na kutoka Mombo wakapanda mlima kwa njia ya Soni, ili wapate hewa baridi na usingizi. Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea vivyo hivyo, hata Gavana wao alikuwa na nyumba yake hapa. Kwa miaka mingi, basi, Lushoto ilikuwa mahali ambapo wakubwa walikuja kulala.

Leo katika milima hiyo hiyo wako wasichana wengi wasiolala. Ukipita karibu na bweni saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Juni au wa Julai, wakati ukungu umeshuka mpaka penye migomba, utasikia kengele na utaona taa zinawaka. Usiku uliopita masomo yalikwisha saa nne, na baada ya hapo zilikuwako nguo za kufua, na maji ya kuteka, na maneno ya wasichana ambayo hayaishi upesi. Hesabu mwenyewe saa zilizobaki. Wale wa shule za kutwa, wanaoshuka na kupanda vilima kila siku, nao huamka mapema, kwa maana moto wa jikoni haujiwashi wenyewe.

Somo la leo lahusu wasichana hao, na lahusu jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele ya watu. Nazungumza juu ya zile siku chache kabla ya hedhi. Kila mwanamke aliyekwisha kuvunja ungo azijua, ingawa si wote waonao jambo ndani yake. Katika siku hizo, pengine tano, pengine saba au zaidi, matiti huuma, tumbo hujaa, kichwa huuma, moyo huwa mzito, machozi huwa karibu, hasira huja kwa jambo dogo, na usingizi hupotea au huzidi. Hedhi ianzapo, au siku mbili tatu baadaye, mambo hayo huondoka yenyewe. Madaktari huyaita kwa pamoja dalili za kabla ya hedhi. Usiyachanganye na maumivu ya tumbo yajayo wakati damu inapotoka. Hayo ni jambo jingine na yana dawa zake. Kwa wanawake wengi dalili hizi ni nyepesi, kama wingu lipitalo. Wachache, kiasi cha watatu hadi wanane katika kila mia, hupata taabu kubwa inayovunja kazi, masomo na mapatano ya nyumbani.

Mimi ni mwanamume, na najua wako watakaouliza Afisa Elimu ameyatoa wapi maneno haya. Nitasema wazi, kwa kuwa kosa ni langu. Nilipokuwa mwalimu kijana, kabla ya kupewa kazi hii ya ofisini, nilikuwa na msichana katika Kidato cha Tatu aliyekuwa hodari sana wa hesabu. Lakini kila baada ya majuma kadhaa aligeuka mtu mwingine. Alilala juu ya dawati, na ukimwamsha alijibu kwa ukali. Siku moja alinijibu mbele ya darasa zima, nami nikampa adhabu ya kupalilia bustani ya shule kwa juma zima, alfajiri, kabla ya wenzake kuamka. Yaani mtu aliyekosa usingizi nilimwondolea hata ule kidogo aliokuwa nao. Mama yake alikuja shuleni akiwa na kikapu chake cha karoti za kupeleka sokoni. Hakufoka. Aliniambia, “Mwalimu, shikamoo yangu na samahani kwa aliyosema mwanangu. Lakini huyu siku zake zikikaribia huwa halali. Hata nyumbani hutembea usiku.” Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya chuo hakuna aliyenifundisha habari hiyo. Ndipo nilipoanza kutafuta na kusoma.

Niligundua kwamba ugomvi juu ya mwili wa msichana na masomo yake si mgeni hata kidogo. Mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa Unguja, na huku Usambara ufalme wa Wakilindi ukiwa umechanika kwa vita vilivyofuata kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, daktari mmoja wa Chuo cha Harvard huko Marekani, jina lake Edward Clarke, alitoa kitabu juu ya elimu ya wasichana. Alisema kwamba mwili una nguvu zenye kipimo. Msichana akizitumia nguvu zake kwa kusoma kama mvulana, nyumba yake ya uzazi itakosa nguvu za kukua, naye atakuwa mgonjwa au tasa. Kwa hiyo yafaa apumzike na kuacha masomo kila mwezi siku zake zifikapo. Kitabu kilinunuliwa sana, kikapigwa chapa tena na tena. Wazazi wakaogopa. Wakuu wa vyuo waliokuwa hawataki wanawake wakafurahi, kwa kuwa sasa walikuwa na neno la daktari mkononi.

Aliyemjibu vizuri alikuwa mwanamke, naye daktari, Mary Putnam Jacobi wa New York. Hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa kuuliza. Alituma maswali kwa wanawake, akapata majibu ya 268, akiwauliza juu ya maumivu yao, kazi zao, masomo yao na mapumziko yao. Akapima pia mapigo ya damu na nguvu za misuli kwa wengine. Akaona kwamba kwa wanawake walio wengi hapana haja ya kuacha kazi wala kitabu kwa ajili ya hedhi. Mwaka 1876 maandishi yake yalipata tuzo ya Boylston, tuzo ya Chuo hicho hicho cha Harvard. Waamuzi hawakuona majina ya waandishi walipokuwa wakisoma, na nadhani hapo ndipo ilipo ladha ya habari yenyewe.

Mwaka 1914 alifuata Leta Hollingworth wa Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York. Yeye alichukua wanawake na wanaume wachache akawajaribu siku hadi siku kwa kazi za akili na za mikono, kama vile kupiga chapa na kutaja rangi upesi, akatazama kama wanawake walipungua siku za hedhi. Hakuona upungufu. Basi ungedhani shauri limekwisha.

Halikwisha, maana mwaka 1931 lilirudi kwa mlango mwingine. Daktari Robert Frank wa New York aliandika habari za wanawake kumi na watano waliopata mfadhaiko mkubwa siku chache kabla ya hedhi, na yeye ndiye aliyeupa mfadhaiko huo jina lake la kidaktari. Alidhani homoni ya kike imezidi katika damu yao. Mwaka huo huo, Berlin, daktari wa nafsi Karen Horney aliandika juu ya jambo hilo hilo, lakini alitafuta chanzo katika moyo na maisha ya mwanamke. Mmoja alishika mwili, wa pili alishika fikira, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakivutana kama watu wawili wanaogombea ncha mbili za kamba moja. Ila kuna jambo ambalo mwanachuo Emily Martin alilitaja katika kitabu chake cha mwaka 1987. Alituomba tuitazame ile tarehe. Mwaka 1931 kazi zilikuwa zimekosekana Marekani, na wanawake walikuwa wakiambiwa warudi nyumbani wawaachie wanaume nafasi. Ndipo ikaonekana ghafula kwamba miili yao haifai kwa kazi. Nami naona Bibi Martin alisema neno la kufikiriwa.

Sasa tufike kwa Bibi Katharina Dalton wa Uingereza, kwa kuwa ndiye aliyeingia shuleni. Alikuwa na maradhi ya kichwa yaliyomjia kila mara kabla ya hedhi, na alipokuwa mjamzito yakapotea. Hapo akaanza kuuliza kwa nini. Mwaka 1953 yeye na Daktari Raymond Greene walichapa habari za wagonjwa 84 katika gazeti la madaktari wa Uingereza. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wetu, alichapa uchunguzi juu ya wasichana wa shule. Alitazama alama zao za kila juma, akaona kwamba kwa baadhi yao alama zilishuka siku za kabla ya hedhi na siku za hedhi yenyewe. Kisha akatazama daftari la adhabu. Aliona makosa yameongezeka siku hizo. Lakini aliona na jambo jingine, nami niliposoma niliona uso wangu umepata joto. Wasichana wakubwa waliokuwa viranja, wenye ruhusa ya kuwaadhibu wenzao, walitoa adhabu nyingi zaidi siku ambazo wao wenyewe walikuwa katika hedhi. Mwenye fimbo naye ana mwili. Mimi sina hedhi, lakini siku ile nilipompa yule msichana adhabu nilikuwa nimesahihisha madaftari mpaka saa saba ya usiku.

Kazi ya Bibi Dalton ilisaidia wanawake wengi waaminiwe. Lakini ilikuwa na kasoro zake, na si haki kuzificha. Aliwatibu wagonjwa kwa projesteroni, na majaribio yaliyofanywa baadaye hayakuonyesha kwa hakika kwamba dawa hiyo huponya taabu hizi. Hata zile alama za shuleni: wachunguzi waliofuata, hasa miaka ya 1970, walipopima mitihani ya wanafunzi wa vyuo, mara nyingi hawakuona tofauti. Na mwaka 1977 Diane Ruble wa Chuo Kikuu cha Princeton alifanya jaribio la ajabu. Aliwaambia wanafunzi wa kike kwamba mtambo umepima na kujua siku zao. Wengine waliambiwa hedhi yao i karibu sana, wengine waliambiwa iko mbali, ingawa kwa kweli wote walikuwa na siku sawasawa zilizobaki. Wale walioambiwa i karibu walieleza dalili nyingi zaidi. Kwa hiyo tukimwambia binti tangu utoto kwamba siku fulani atakuwa mkali na hatafahamu hesabu, tunaweza kumpandia dalili ambazo asingekuwa nazo.

Usidhani, basi, kwamba jambo lote ni fikira tu. Hapo ndipo wengi huteleza. Mwaka 1998 Daktari Peter Schmidt na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba wanawake wenye taabu hizi wana homoni za kiasi cha kawaida, sawa na wenzao, ila ubongo wao huhisi zaidi mabadiliko ya homoni hizo. Hili lafaa kuelezwa kidogo. Katikati ya mwezi yai hutoka, na baada yake projesteroni huongezeka. Joto la mwili hupanda kidogo, kiasi cha nusu digrii ya Sentigredi au pungufu. Nawe wajua kwamba mwili hupoa ulalapo, kwa hiyo usingizi wa siku hizo kwa wengine huwa mwepesi, wenye kukatika. Siku za mwisho homoni hiyo hushuka upesi, na pamoja nayo hushuka kitu kingine kitokanacho nayo ambacho hutuliza ubongo. Mwanamke mmoja hupita katika mteremko huo kama mtu ashukaye Soni kwa gari zima. Mwingine hutikisika kila kona. Wala huyu wa pili hajifanyi.

Na msongo wa mawazo? Huko Buffalo, Marekani, wachunguzi walifuata wanawake 259, wakachapa habari zao mwaka 2010. Wale walioeleza kwamba mwezi uliopita walikuwa na mashaka mengi ndio walioelekea zaidi kupata dalili nzito. Jirani zetu wa Ethiopia nao wamewauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mekelle, na katika matokeo yaliyochapwa mwaka 2014 wengi walikuwa na dalili, na baadhi walikosa vipindi vya darasani kwa sababu hiyo. Hatuwezi kusema kwamba mashaka ndiyo mama wa dalili. Huenda dalili nazo huzaa mashaka. Ni kama ngamia wa kinu cha mafuta: dalili hufukuza usingizi, kukosa usingizi huongeza hasira, hasira huleta adhabu, adhabu huleta wasiwasi, na wasiwasi huo mwezi ujao hukuta mwili tayari umechoka.

Msichana wetu wa Lushoto ana mashaka ya aina gani? Mengi ni yale yale ya kila mwanafunzi. Mwezi wa Novemba una mtihani wa Kidato cha Pili na wa Kidato cha Nne, na nyumba nzima inamtazama yeye. Lakini yako mengine yasiyoandikwa popote. Atavaa nini siku zake zikimkuta njiani, katikati ya kilima, na sketi ya shule? Shuleni yako maji? Taulo za kike zinagharimu fedha ambayo mama angenunulia chumvi na mafuta ya taa. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo hizo, na mwaka 2019 ikairudisha kwa kuwa bei ya madukani haikushuka. Msichana hasomi habari za bajeti, lakini huisikia mfukoni mwa mama yake.

Zamani, pwani yetu ya Tanga, mwali alikuwa na kungwi au somo wake. Alimweleza mambo ya mwili kwa nyimbo na maneno ya faragha, na kama mwali alikuwa na huzuni alikuwa na mtu wa kumwendea. Sisemi kwamba yote waliyofundisha makungwi yalikuwa mema. Lakini tulipowapeleka binti zetu katika mabweni wakiwa na miaka kumi na minne, tuliwaondoa kwa somo na kwa bibi, na mahali pa hao tukaweka kengele. Hata mafunzo yetu mashuhuri ya redio, ile kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu kiasi cha milioni mbili katika vikundi, ilipigana na malaria, minyoo, kichocho na maji machafu. Ilikuwa kazi kubwa, na vyoo vilichimbwa. Kulala usingizi lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyedhani litahitaji somo.

Wataalamu wa siku hizi wasema kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane ahitaji kulala saa nane hadi kumi. Masomo yakiisha saa nne usiku, na kengele ikalia saa kumi na moja, hata msichana anayelala dakika ile ile apata saa saba. Nimewahi kubishana na walimu wakuu juu ya jambo hili, na jibu lao ni kwamba shule jirani huamka saa kumi. Kwa hiyo twashindana kuamsha watoto. Mtoto aliyesoma saa moja zaidi huku macho yakifumba hajasoma saa moja zaidi.

Liko jambo moja nisilolitaka. Nisingependa kuona mwalimu mkuu ana orodha ya wasichana na siku zao mezani kwake, wala nisingependa msichana atolewe katika mtihani au katika uongozi wa darasa kwa sababu ya hedhi. Hiyo ni njia ya Daktari Clarke, ijapokuwa aendaye humo ana nia njema. Tangu 1961 tumejenga shule ili wasichana waingie, na leo ni karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari, na katika madarasa mengi wamepita nusu. Hatukufanya hivyo ili tuwarudishe kwa mlango wa uani.

Daftari ni la msichana mwenyewe. Madaktari wa leo hawatoi neno la mwisho juu ya taabu hizi kwa kumbukumbu ya kichwa tu, kwa maana sote hukumbuka siku mbaya na kusahau njema. Hutaka mwanamke aandike kila siku, kwa miezi miwili, habari zake. Binti achukue daftari la kurasa thelathini na mbili. Kila jioni aandike tarehe, saa aliyolala jana, saa aliyoamka, moyo wake ulivyokuwa, na kama kuna mahali palipouma. Hedhi ikianza atie alama. Baada ya miezi miwili ataona mwenyewe. Pengine ataona kwamba siku zake mbaya huja kabla ya hedhi kila mara. Pengine ataona kwamba huja kila baada ya usiku wa kulala saa tano, hedhi iwepo isiwepo. Nimeona madaftari ya namna zote mbili. Daftari alifiche kwenye sanduku lake, na mama asilifungue bila ruhusa.

Ikiwa daftari linaonyesha taabu kubwa, aende nalo hospitali. Ziko dawa, na daktari ndiye wa kuzichagua. Apimwe pia malaria na upungufu wa damu, kwa maana uchovu una wazazi wengi. Na akisema hata mara moja kwamba anataka kujidhuru, msingoje hedhi ipite; mpelekeni siku ile ile. Milima yetu ya Usambara ndiyo iliyokuwa na hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili katika Afrika Mashariki, kule Lutindi, tangu mwanzo wa karne ya ishirini, kwa hiyo si haya kwetu kutafuta msaada wa namna hiyo. Wala kwenda kutafuta msaada si kuitwa mwendawazimu.

Yule msichana wangu wa hesabu alimaliza Kidato cha Nne vizuri. Nilimwomba radhi siku ya mahafali, akacheka, akasema kitu alichokumbuka zaidi ni umande wa bustani ile na miguu yake ilivyokuwa baridi.

Kikundi chenu, kabla ya kukutana tena, kimchague mtu mmoja aende shule iliyo karibu, amsalimu mwalimu mkuu kwa heshima, amwulize taa huzimwa saa ngapi na kengele hulia saa ngapi. Na kila mzazi mwenye binti wa shule ya kutwa aandike katika karatasi saa ambayo binti huyo hulala, na saa ambayo yeye mwenyewe humwamsha. Mje na karatasi hizo.